Sita, Saba na Nane

Mjukuu wangu aliniambia hatarudi shule tukiwa shambani tunachuma chai, yeye mstari wa juu, mimi mstari wa chini, kila mtu na kikapu chake mgongoni. Hakunitazama. Mikono yake iliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na maneno yakatoka kama ya mtu anayetaja bei ya sukari.

"Magokoro, mimi shule sirudi. Naenda kwa anti nijifunze nywele."

Magokoro ni nyanya kwa Kikisii. Ameniita hivyo tangu alipoanza kusema, maana mama yake aliniletea mtoto bado anatambaa, akarudi Nairobi kazini. Nimemlea hapa Manga, juu ya kilima, na lugha ya nyumba yangu ni moja tu. Kiswahili alikutana nacho shuleni, Kiingereza pia. Haya ninayaandika kwa Kiswahili kwa sababu nina wajukuu wengine waliozaliwa Nakuru na Mombasa, na hao Kikisii chao kinaishia kwa salamu. Kiswahili changu mwenyewe ni cha soko. Nilikiokota mjini Kisii nikiwauzia ndizi Wahindi wenye maduka. Shule niliiacha nikiwa darasa la tatu. Mkiona kosa mahali, rukeni mwendelee mbele.

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimaliza kichaka kilichokuwa mbele yangu, ndipo nikamuuliza.

"Kwa nini hurudi?"

"Hesabu imenikataa."

"Hesabu ni mtu? Imekukataa ikisema nini?"

"Ni fakta, magokoro. Wewe hutaelewa."

"Kama sitaelewa, basi nieleze polepole. Chai yote hii inatungoja, hatuna haraka."

Hakunieleza. Tulichuma mpaka vikapu vikajaa, tukateremka navyo kwenye kituo cha kupimia majani. Lakini mimi nilikuwa najua zaidi ya alivyodhani. Nilijua kwamba binti yangu wa mwisho, huyo anti, ana salon yake kule Nyanchwa, na kwamba msichana aliyekuwa akimsaidia ameolewa. Nilijua amempigia mjukuu wangu simu akamwambia, siku shule zitakapofunguliwa, kama hujafika kwangu na mizigo yako, nachukua mwingine. Hao wawili husemezana kwa simu nyuma ya choo wakidhani masikio yangu yamezeeka pamoja na miguu.

Simlaumu binti yangu. Kazi ya nywele ni kazi, imelipa karo za watu wengi hapa. Lakini huyu mtoto hakuwa na hamu ya nywele. Tangu akiwa mdogo alikuwa anataka uuguzi. Ng'ombe akizaa, yeye ndiye wa kwanza kukunja mikono ya sweta. Na alikuwa amenieleza yeye mwenyewe, siku alipokuwa bado anacheka, kwamba chuo cha wauguzi hakimchukui mtu aliyeanguka hesabu. Wakati huo alikuwa kidato cha pili, likizo ya Agosti, Kiingereza anapita, baiolojia anawapita wenzake, na hesabu inataka kumfungia mlango. Kwa hiyo aliponiambia anaenda kujifunza nywele, nilisikia mtu anayekimbia, na mtu anayekimbia si sawa na mtu anayekwenda mahali.

Jioni ile nikampa neno langu.

"Mpaka shule zifunguliwe uko kwangu. Kila siku tukitoka chai utafanya hizo fakta hapa mbele yangu, na utazisema kwa sauti, kwa lugha ninayoisikia. Siku ya kufungua ikifika na bado hutaki, sanduku lako nitalibeba mimi mwenyewe mpaka barabarani, na anti hatasikia neno kutoka kwangu."

"Kweli?"

"Umewahi kunisikia nikisema uongo?"

Akafikiri. "Hapana. Lakini daftari limejaa."

Nilichukua panga, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakata jani la mgomba, pana, bichi. Nikavunja mwiba wa mlimau. Ukichora juu ya jani la mgomba kwa mwiba, mstari mwanzoni hauonekani vizuri, halafu unakuwa mweusi kama wino. Sisi tuliandika hivyo tukiwa watoto. Nikalitandika jani kwenye benchi chini ya paa, nikampa mwiba.

"Hili halijajaa," nikamwambia.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Hesabu zikiisha, jani linaenda kwa ng'ombe. Jirani yangu, mke wa shemeji yangu, ambaye hakosi la kusema, alipita akaona ng'ombe anatafuna jani lililoandikwa nambari kila mahali. Akasimama uani akishika kiuno.

"Huyo ng'ombe wako atatangulia kwenda chuo kikuu."

"Akienda atakuwa wa kwanza kwa ukoo wenu," nikamjibu. Akacheka mpaka akakaa chini.

Fakta za nambari tupu zilinieleweka mara moja. Unachukua kumi na mbili, unauliza, ni nini mara nini? Tatu mara nne. Mbili mara sita. Kitabu chake kilikuwa na picha ya mkungu wa ndizi, vichana vitatu, kila kichana ndizi nne. Nilikitazama kitabu hicho nikasema aliyekichora hajawahi kukata ndizi, kwa sababu hakuna mkungu ulio na vichana sawa. Vya juu hunenepa na vya chini hukonda. Mjukuu wangu akasema, "Magokoro, ni mfano tu." Nikasema mfano nao uwe na adabu.

Kisha zikaja herufi.

"Huyu eksi ni nani?"

"Ni nambari ambayo hatuijui."

"Kama hamuijui, mnaiandika ya nini?"

"Ndiyo tuitafute."

"Aliyeipoteza hawezi kuitafuta mwenyewe?"

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka huku ameshika hesabu, nikaona afadhali. Akanieleza. Unapewa eksi mara eksi, halafu unaongezewa eksi kadhaa katikati, halafu nambari tupu mwishoni. Kazi yako ni kuivunja iwe mabano mawili yanayozidishana. Ili uivunje, unatafuta nambari mbili. Ukizizidisha zikupe ile ya mwisho. Ukizijumlisha zikupe ile ya katikati. Basi. Hata mimi niliona hiyo si kazi ya kumtoa mtu shule.

"Haya, fanya."

Alikuwa na eksi saba katikati, na kumi na mbili mwishoni. Akasoma kwa sauti kama nilivyotaka, maelezo kwa Kikisii, nambari kwa Kiingereza cha kitabu. Akaandika tano na mbili. Akafungua nyuma ya kitabu penye majibu. Uso ukamshuka.

"Wanasema ni tatu na nne."

"Na tatu na nne zinazidishana kuwa kumi na mbili?"

"Ndiyo."

"Na zinajumlishwa kuwa saba?"

"Ndiyo, magokoro, najua! Nikionyeshwa najua. Lakini nikiwa peke yangu naona tano na mbili. Nikifuta, zinarudi. Nikifumba macho, ziko."

Siku iliyofuata ikawa vilevile. Kulikuwa na nane katikati, akaandika tano na tatu. Kitabu kikasema sita na mbili. Kulikuwa na sita, akaandika tano na moja. Kitabu kikasema nne na mbili. Mara moja moja anapata, hajui amepataje. Mwiba ukatupwa. Jani likapasuka. Nikamwambia aliokote, akaliokota, lakini nilimwona machoni kwamba tayari anapanga nguo zake kwa sanduku.

Ijumaa moja niliosha miguu, nikavaa viatu vya kanisa, nikateremka sokoni. Mwalimu wake wa hesabu amepanga chumba nyuma ya maduka pale. Ni kijana wa kutoka upande wa Machakos. Kikisii anajua kusalimu na kuuliza bei ya parachichi. Nilimkuta akifua mashati kwenye beseni. Aliona aibu, akataka kunipa kiti na kuficha beseni kwa wakati mmoja.

"Fua tu, mwalimu. Sabuni ikikauka shati linaharibika. Nimekuja kwa sababu ya mtoto wangu."

Nilipomtaja ni yupi, alisimama, mapovu yakimtiririka mikononi.

"Mama, huyo binti amenisumbua akili. Nilimwambia aje anione, hakuja."

"Anakuogopa."

"Mimi?" Akajitazama, kaptula na mikono yenye mapovu. "Basi, nikuambie. Huyo si mjinga. Na si mvivu. Nimekaa na karatasi zake nikaona kitu ambacho sikielewi. Katikati kukiwa na tano, anapata. Tisa, anapata. Kumi, anapata. Lakini ikiwa sita, saba au nane, anaanguka. Si kila mara, lakini karibu kila mara. Sasa ni nani anayeshindwa na saba, halafu anaiweza tisa?"

"Labda anabahatisha."

"Anayebahatisha hukosea popote. Huyu anakosea mahali pamoja."

Alijipangusa mikono kwenye kaptula. Aliniandikia karatasi ya hesabu za kwenda nazo, akaniambia jambo moja nimwambie mtoto: akishaandika mabano yake, ayafungue tena, azidishe, aone kama hesabu inarudi ilivyokuwa. Isiporudi, asiende kutazama majibu nyuma ya kitabu. Arudie mwenyewe.

"Inarudi au hairudi," nikasema.

"Hivyo tu, mama."

Hilo nililibeba vizuri. Mimi eksi siijui, lakini kuuliza kama kitu kimerudi naweza. Kila jioni nauliza kuhusu ng'ombe.

Nilipopanda mlima kurudi, jua lilikuwa limeinama. Ijumaa kwetu ni siku ya mbio. Sisi ni watu wa Sabato, na jua likishazama hakuna kumenya, hakuna kuteka maji, hakuna kazi yoyote mpaka lizame tena kesho yake. Mjukuu wangu alikuwa ameketi jikoni na rundo la ndizi mbichi, mikono ameipaka mafuta utomvu usimshike, anamenya. Nilikaa kwenye kigoda nikavua viatu, nikaanza kumpa ujumbe wa mwalimu. Nikaupa kwa Kikisii, maana sisi wawili hatujui kusema kwa lugha nyingine tukiwa jikoni.

Nikamwambia, "Mwalimu anasema wewe si mjinga. Anasema isano nemo inakushinda, isano na ibere inakushinda, na isano na isato inakushinda. Lakini kianda unaiweza. Sasa huo ni ukaidi gani wa kuchagua?"

Kisu kilisimama katikati ya ndizi.

"Sema tena."

"Mimi si redio."

"Magokoro, tafadhali, sema tena vile ulivyosema."

Nikasema tena. Isano nemo. Isano na ibere. Isano na isato.

Wajukuu wangu wa Nakuru na Mombasa, hapa niwaeleze, kwa sababu ninyi hamhesabu kwa lugha ya kwenu. Sisi tukifika tano, ambayo ni isano, majina yanakwisha kwa muda. Hatuna jina la sita. Tunasema tano na moja, isano nemo. Saba ni isano na ibere, tano na mbili. Nane ni isano na isato, tano na tatu. Ndipo tisa inapata jina lake yenyewe, kianda, na kumi lake, ikomi. Mimi nimehesabu hivyo tangu utoto, mayai, kuku, watoto, na sikuwahi kusikia kwamba ndani ya saba kuna tano. Nilikuwa nasikia saba tu. Nani husikiliza jina analoliita kila siku?

Mjukuu wangu alikuwa amesimama, ndizi imeanguka, mikono yenye mafuta imeshika kichwa.

"Tano na mbili! Magokoro, si jibu, ni jina! Nikisoma saba kwa kitabu, kichwani inasema isano na ibere, na mimi naandika tano na mbili nikidhani nimefikiria! Sijafikiria. Nimetafsiri!"

"Punguza sauti, utamtisha ng'ombe."

"Ndiyo maana tisa naipata! Kianda haina kitu ndani, lazima niitafute!"

Alikuwa tayari ameshatoka nje, amerudi na kipande cha jani. Mwiba haukuonekana, akatumia ncha ya kisu cha ndizi. Nikamwona akiandika ile ya saba na kumi na mbili. Midomo yake ilikuwa ikisema tatu, nne, tatu, nne. Nikatazama mlangoni. Jua lilikuwa limebaki kidogo tu juu ya kilima cha ng'ambo.

"Weka chini."

"Moja tu, magokoro."

"Ndizi hazijaingia sufuriani na jua linaondoka. Weka chini."

"Lakini sasa ndiyo nimejua!"

"Utajua hata kesho jioni. Hesabu ni kazi, na kazi ina siku sita."

Alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuona kwa mtoto anayekatazwa hesabu. Nilitaka kucheka lakini nikajizuia, kwa sababu ukicheka umeshindwa. Tukamenya kwa kasi, tukawasha moto, tukafunga siku kwa sala.

Kesho yake kanisani alikaa kando yangu, ameshika kitabu cha nyimbo kwa utulivu mkubwa. Utulivu ule ulinitia wasiwasi. Ukutani mbele kuna ubao mdogo wa nambari za nyimbo za siku ile. Nikaona macho yake yamegandama kwenye ubao na midomo inachezacheza, na wimbo ulikuwa haujaanza.

"Unafanya nini?" nikamnong'oneza.

"Mia moja kumi na tisa ni saba mara kumi na saba."

Nikamfinya paja.

"Sijaandika!" akanong'ona. "Imekuja yenyewe. Lakini ile ya chini, mia moja na tatu, imekataa kuvunjika kabisa."

"Iache nzima. Iko nyumba ya Mungu."

Mama mmoja wa mbele yetu akageuka. Nilifungua kitabu haraka, nikafungua ukurasa usio wenyewe, nikaimba maneno ya wimbo mwingine ubeti mzima.

Jioni ile hakukaa ndani. Alisimama uani, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya zizi, anatazama magharibi akingoja jua lizame. Jani lilikuwa tayari benchini, mwiba juu yake. Jua lilipoenda akanigeukia, hakuuliza kwa mdomo. Nikatikisa kichwa kumkubalia. Aliandika eksi kuongeza tatu, eksi kuongeza nne, kila moja kwa mabano yake. Halafu nikauliza swali langu, lile moja ninalolijua.

"Imerudi?"

Akafungua mabano. Akazidisha. Akajumlisha.

"Imerudi."

"Nyingine."

Msidhani mambo yakawa laini kuanzia hapo. Kujua kwa nini unateleza na kuacha kuteleza ni mambo mawili. Jina lile lilikuwa limekaa imara kichwani mwake kuliko mimi nilivyokaa katika nyumba hii. Alikuwa anajua kabisa, na bado mkono unaandika tano na mbili. Ndipo akajitungia njia. Aliamua kuanza na nambari ya mwisho. Anaitazama ya mwisho kwanza, anaivunja kwa njia zote zinazovunjika, na ya katikati anaifunika kwa kidole gumba asiione. Akimaliza, ananyanyua gumba, anachagua jozi inayofaa. Na nilimwekea sheria: ukiwa kwenye fakta, sita iite sita, saba iite saba, nane iite nane, kwa Kiswahili. Hiyo ikawa kazi ya kwanza ya Kiswahili ndani ya nyumba yangu.

Ndipo zikaja zenye kutoa. Hapo tuligombana. Kutoa mara kutoa inakuwa kuongeza, na mimi nikasema hilo halina maana, ukinyang'anywa mara mbili utakuwaje tajiri? Akajaribu kunieleza, akachanganyikiwa na yeye, akaniambia kwa sauti ya juu kwamba mimi namharibia. Nikamwambia sauti hiyo aipeleke kwa ng'ombe. Alienda kweli, nikamsikia zizini akimweleza ng'ombe taratibu, hatua kwa hatua, na alipofika katikati akarudia hatua moja, kisha akasema, "Aa." Aliporudi alikuwa ameielewa. Mimi mpaka leo sijaielewa, lakini haikuwa lazima.

Karatasi ya mwalimu aliimaliza siku chache kabla ya kufungua. Nyingine hazikurudi. Alizizungushia duara, akazirudia, zikabaki mbili zilizokataa kabisa, akasema hizo atampelekea mwalimu. Niliyasikia hayo maneno, atampelekea mwalimu, lakini nikaendelea kupepeta maharagwe. Nilikuwa nimeahidi kutosema kitu.

Jumapili kabla ya kufungua, pikipiki ilinguruma ikipanda, na binti yangu akashuka, mkoba mkubwa begani, nywele zake zimesukwa vizuri kama picha ya dukani. Alinikumbatia, akatazama huku na huku.

"Mama, mizigo yake iko wapi? Huyu wa boda nimemwambia angoje."

"Muulize mwenyewe. Mimi nimefungwa mdomo."

Mjukuu wangu alitoka jikoni. Hakuwa na sanduku. Alikuwa na jani la mgomba.

"Anti, karibu. Kabla hujaniuliza, nifanyie moja."

"Moja ya nini? Hesabu? Wee, mimi nilizika hayo mambo zamani."

"Ulipita. Magokoro aliniambia ulipita."

"Nilipita, ndiyo, chupuchupu." Akaketi benchini, akavuta jani kwa kidole chenye kucha ndefu. "Leta. Usidhani nimesahau. Hapa katikati saba, mwisho kumi na mbili. Unatafuta mbili zinazo..." Akatazama juu kidogo. "Tano na mbili."

Sikuweza. Kicheko kilinitoka kama kikohozi. Mjukuu wangu alikuwa amejikunja, machozi yanamtoka, hawezi kusema.

"Mnacheka nini? Tano na mbili si saba?"

"Anti, umeita jina tu! Isano na ibere!"

Ilimchukua muda. Niliona jambo likimwingia polepole, kwanza kwa macho, kisha kwa mdomo. Akahesabu kwa vidole vyenye kucha nyekundu, isano nemo, isano na ibere. Akaweka jani magotini.

"Ooo," akasema. "Na mimi miaka yote ile nilidhani ni kichwa changu."

Hakuna aliyecheka tena. Mjukuu wangu akaketi karibu naye, akamwonyesha kufunika kwa gumba. Anti akafunika. Kumi na mbili. Mbili mara sita, tatu mara nne. Akanyanyua gumba.

"Tatu na nne."

"Imerudi?" mjukuu wangu akamuuliza, na sauti yake ilikuwa yangu kabisa.

Ikarudi. Dereva wa boda akapiga honi kule chini. Binti yangu akatazama jani, akatazama mtoto, akaniangalia mimi.

"Mama, umenipokonya mfanyakazi."

"Sijampokonya mtu. Bado hajasema." Nikamgeukia mjukuu wangu. "Sema sasa. Sanduku nalibeba au silibebi?"

Alikwaruza ukingo wa jani kwa ukucha.

"Na nikianguka tena?"

"Utaangalia umeangukia wapi, kama ulivyoangalia hii."

"Mbele kuna ngumu kuliko hizi. Nimefungua kurasa za mbele nikaona."

"Hata mimi nimeziona ukilala. Ni mbaya. Nakuuliza jambo moja, unarudi au hurudi?"

"Narudi," akasema. Kisha kwa anti, haraka, "Lakini likizo nitakuja nikusaidie kuosha nywele. Kama bado utanitaka."

Binti yangu aliliweka jani kando. Halafu akasimama, akaenda ukingoni mwa ua akampigia kelele dereva kwamba aende, atamwita jioni. Alirudi akifungua mkoba, akatoa kitana na kopo la mafuta.

"Njoo ukae hapa kati ya miguu yangu. Mtu hawezi kurudi shule na kichwa kama kiota. Shule yenu inaruhusu nini?"

"Mistari ya kurudi nyuma tu. Bila kuongeza nywele."

"Basi tulia. Shingo, nimesema tulia."

"Unavuta, anti!"

"Ndiyo kazi uliyokuwa unaitaka, hii. Vumilia."

Sasa ninapoandika yuko kidato cha tatu. Hesabu bado inamtoa jasho na uuguzi bado anautaka. Jumapili ile niliwaacha hapo benchini wakivutana, mmoja analalamika, mwingine anamgonga kichwani kwa kitana, nikaingia ndani kutafuta soksi za shule. Nyeupe moja niliipata. Ya pili nilikuja kuitoa chini ya kuku aliyekuwa akiatamia, nikaifua kwa haraka, nikaianika juu ya ua ikauke kabla ya asubuhi.